Koti la Cletus

Mlioniacha wiki iliyopita mliniacha nimesimama katikati ya msiba wa watu, nimevaa koti la marehemu, wafiwa wananicheka mpaka machozi ya kilio yanachanganyika na ya kicheko. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mfukoni, na vidole vilikuwa vimegusa karatasi.

Kwa aliyechelewa kuingia, nasema kwa kifupi. Mimi ni Marselina, Mfipa, mkazi wa Majengo hapa Mpanda. Mume wangu Obadia aliondoka kwenda kutafuta dhahabu, akapata mwanamke. Dagaa wangu wa Kirando walinyeshewa ndani ya lori lililokwama Sitalike siku nne, nikawafukia. Nikabaki na binti yangu Dorice, sufuria mbili, na rafiki mmoja. Huyo rafiki ni Nyanzala, Mnyamwezi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mumewe Cletus alikufa kwa homa mwezi wa sita, mwaka wa tisini na sita.

Sisi Wafipa na wao Wanyamwezi tulianza kutaniana kabla hajazaliwa babu yangu. Akifa mtu kwao, mimi ndiye ninayevaa nguo zake, natembea kama yeye, nakohoa kama yeye. Na kitu cha marehemu nikikichukua mbele za watu ni changu, mpaka wafiwa wakikomboe kwa kuku na debe la unga. Hakuna wa kuniita mwizi. Lakini lazima nikichukue mbele za watu.

Koti nililichukua mbele za watu. Karatasi nilikwenda nayo chooni.

Na mjue jambo moja zaidi, maana mimi mwenyewe sikulipa uzito siku ile. Nilikuwa nimeomba kofia. Nyanzala akainuka mkekani, akaingia ndani, akatoka na koti.

"Kofia ya nini, mtani? Vaa koti," akasema, akanivika kwa mikono yake.

Basi nikakohoa kile kikohozi cha Cletus, cha mikupuo mitatu, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Nikainama kama naokota vitu. "Jamani, machicha yangu yako wapi?" Msiba mzima ukaangua kicheko, na Nyanzala naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu afiwe juzi.

Wenyeji wa Mpanda wanajua kwa nini walicheka. Akina mama wa Shanwe wanaopika wanzuki, ile pombe ya asali, wakishachuja hutupa masega, ndiyo machicha yenyewe. Cletus alikuwa akipita na gunia kuyaokota. Akayachemsha, akayakamua, akatoa bonge la nta la manjano. Watu wakamwita Bwana Machicha. Watoto wakamfuata njiani wakikohoa.

Chooni nikafungua ile karatasi.

"Ndugu Cletus. Bonge la nta ulilonitumia kwa treni nimelipokea. Ni safi kuliko yote niliyoletewa mwaka huu. Nina wateja wanaotaka nta ya namna hiyo, yote utakayoweza kupata. Nataka nifanye kazi na wewe mwenyewe, sitaki madalali. Unijibu kabla mwezi haujaisha, la sivyo nitatafuta mtu mwingine. Ni mimi Abednego, Tabora."

Niliisoma mara tatu huku nzi wakinizunguka masikio. Nikajisemea, nitamwambia Nyanzala kesho, leo ana msiba.

Kesho yake nikasema, bado ana wageni.

Siku ya kuanua matanga Nyanzala akanishika mkono mbele ya watu.

"Mtani, kuku sina. Hata unga wenyewe mnauona. Koti kaa nalo, nitalikomboa mwaka ukitimia."

"Hata ukichukua miaka kumi," nikamjibu. "Nyie wapagazi mna haraka ya nini?"

"Ila lirudi na kila kitu chake, weye Mfipa mchawi wa radi."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

*

Mwezi ulikuwa umebakiza siku sita. Koti lilikuwa limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, linanuka moshi na nta. Dorice alikuwa hajaenda shule kwa sababu ya sare. Na mimi nilikuwa nimeketi na kalamu.

Mnafikiri nilikaa chini nikasema, sasa namwibia mjane? Hapana. Dhambi haiingii ikijitambulisha. Nilisema: Nyanzala hajui kusoma wala kuandika, nta haijui, na muda unakwisha. Nikijibu mimi, bahati haipotei. Baadaye tutagawana.

Tatizo lilikuwa lile neno "wewe mwenyewe". Abednego alimtaka Cletus. Mimi nikiandika kuwa Cletus amekufa, basi nimegeuka dalali.

Nikaandika: "Ndugu Abednego. Nimefurahi kupata barua yako. Mimi naumwa mguu, siwezi kusafiri. Mzigo ataleta mke wangu, anaitwa Marselina. Ni mimi Cletus."

Mguu wenyewe ulikuwa kaburini wiki ya tatu.

Nilipoilamba ile bahasha ulimi ulikauka. Nikasimama nje ya posta mpaka karani akaniuliza kama nimepotea njia. Ningeweza kugeuka. Nyumbani kwa Nyanzala ni dakika kumi na tano kwa miguu.

Nikaitumbukiza.

Tangu hapo, wasomaji wangu, nilifanya kazi. Hilo siwezi kujinyima. Nilichukua gunia nikaenda Shanwe kwenye vilabu vya wanzuki, na wale akina mama wakanipokea kwa vigelegele vya dhihaka.

"Njooni mwone! Mrithi wa Bwana Machicha!"

"Marselina, dagaa wamekutupa, sasa unaokota makapi?"

Nikaosha mapipa yao. Nikawapelekea vipande vya sabuni, wao wanipe masega kabla hayajamwagwa kwenye majivu. Kila siku hivyo, kwa jua na kwa vumbi, mpaka wakaacha kucheka wakaanza kuniwekea.

Mchemsho wa kwanza nilikoleza moto kupita kiasi. Nta ikafurika, ikashika moto, ikaninyoa nyusi zote mbili. Wa pili ukatoka mweusi kama lami. Wa tatu ukatoka wa kijivu, unavunjika vunjika kama keki ya sikukuu iliyolala.

Nikakaa chini nikalia. Ndipo nikasikia sauti nje.

"Hodi, mtani."

Nyanzala alikuwa mlangoni, amevaa nguo zake zilezile nyeusi, anaangalia sufuria yangu.

"Karibu, mtani. Mimi... unaona... nimesema nijaribu."

"Naona." Akachukua kipande cha ile nta ya kijivu, akakivunja, akakinusa. "Maji umeteka wapi?"

"Kisimani."

"Maji ya kisima hiki yana chokaa. Yanaharibu nta. Marehemu alikuwa anatumia ya mvua tu, anayakinga kwenye mapipa. Na moto wa magunzi, siyo wa kuni. Uwe mdogo, kama wa kumbembeleza mtoto."

Nikamwaga maji yangu ya kisima.

"Kwangu bado kuna mapipa mawili," akasema. "Njoo uchukue."

Ndiyo. Niliyemwibia ndiye aliyenipa maji. Mchemsho wa nne ulitoka wa manjano, unang'aa, unanukia ua. Nyanzala alikuwa ameshika upande mmoja wa gunia, mimi upande wa pili, tunalisokota mpaka tone la mwisho.

"Cletus angeona hii angefurahi," akasema.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno yalifika kooni kabisa. Nikayameza, nikamwambia: "Mtani, njoo tufanye wote. Nitakulipa kila wiki."

Macho yakamjaa machozi. "Mungu akuzidishie, Mama Dorice."

Kuna watu wamenitukana maishani mwangu. Obadia alinitukana mbele ya mama yangu. Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama ile dua.

*

Tabora nilikwenda kwa treni na magunia manne. Abednego ni mtu mrefu, mpole, mwenye miwani. Akakagua nta, akaigonga kwa kidole, akaichungulia kwenye mwanga.

"Wewe ndiye shemeji?"

"Ndiyo."

"Na mguu wa ndugu yangu unaendeleaje?"

"Bado hautembei," nikasema.

"Mpe pole sana. Mwambie ana akili yule mtu. Kuona mali kwenye kitu ambacho watu wanatupa, hicho ni kipaji."

"Nitamwambia."

Nilirudi Mpanda nikiangalia dirishani, miombo inapita, inapita. Kila kituo nilisema nikifika nitamwambia mke wake yale maneno. Yalikuwa yake, siyo yangu. Sifa ya marehemu nayo niliibeba nikakaa nayo.

Nilikwenda mara ya pili, mara ya tano, mara ya nane. Kila baada ya mwezi mmoja Cletus anaandika barua, anaulizia afya ya Abednego, anasema mguu unamsumbua. Mwandiko nilikuwa nimeuzoea mpaka nikaanza kuufanya uelemee kushoto, nikidhani ndivyo angeandika mwanamume. Dorice akavaa sare mpya. Bati likapanda juu ya nyumba. Kwenye vilabu vya Shanwe, wale walioniita mrithi wa machicha wakaanza kuniita Mama Nta.

Mwezi wa tano mwaka wa tisini na saba ukaja ugeni. Shirika moja la akina mama lilimtuma mwalimu, Dada Pudensiana, aje atufundishe biashara. Tukajaa kwenye ukumbi wa parokia, wauza vitumbua, wauza mchele, wasusi wa mikeka. Dada Pudensiana akaandika ubaoni neno ambalo wengi wetu tulilisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza: MJASIRIAMALI.

"Nani anajua maana yake?"

"Mtu jasiri aliyeoa mali," akasema mama mmoja nyuma. Ukumbi ukacheka.

"Si mbali sana," akasema mwalimu. "Sasa leo sitaki kuwafundisha kutoka kitabuni. Nimeambiwa humu ndani yumo mwanamke aliyeanza na gunia moja la makapi. Mama Nta yuko wapi?"

Nikasukumwa mbele.

"Tuambie, mama. Mtu akitaka kufanikiwa awe na sifa gani?"

Nikasema awe na jicho la kuona kitu ambacho wengine hawakioni. Chaki ikalia ubaoni. Nikasema athubutu, asiogope kuchekwa. Nikasema avumilie, maana mimi nimeungua nyusi. Akaandika hilo pia, watu wakapiga makofi. Nikasema akikosea ajifunze, asione aibu kumwuliza anayejua.

"Na nini kingine?" akauliza, chaki iko hewani.

Nilijua anachosubiri. Kila mtu ukumbini alikijua. Uaminifu. Neno lenyewe jepesi, hata mtoto wa chekechea analitamka. Nikafungua mdomo likagoma kutoka.

Nikayaangalia yale maneno ubaoni. Jicho, uthubutu, uvumilivu. Vyote ninavyo, nikajisemea, lakini mwizi naye anavyo. Mwizi anathubutu. Mwizi anavumilia mvua na mbwa. Mwizi anaona mlango pale ambapo wewe unaona ukuta. Sasa mimi na yeye tunatofautiana wapi?

"Mwalimu, naomba niseme mimi."

Ilikuwa sauti ya Nyanzala. Alikuwa amesimama mstari wa tatu, khanga begani.

"Huyu hawezi kujisifu. Mimi ni mjane. Mume wangu alipokufa watu walikuja kula wakaondoka. Huyu alibaki. Akanipa kazi. Andika hapo, ana huruma."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Dada Pudensiana akaandika HURUMA kwa herufi kubwa, akaipigia mstari.

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya kanisa. Walisema nimezidiwa na furaha.

*

Za mwizi arobaini. Zangu zilikuwa tisa, maana nilihesabu safari za Tabora.

Mwaka ukatimia. Nyanzala akaomba misa ya kumbukumbu ya mumewe, na baada ya misa chakula nyumbani kwake. Shemeji yake Nkwabi, mdogo wa marehemu, alikuja toka Sikonge. Wiki nzima kabla ya siku hiyo sikulala vizuri wala kula vizuri.

Asubuhi ya siku yenyewe nilichukua koti kwenye msumari. Nikalipiga vumbi. Nikaenda kwenye sanduku langu, chini kabisa, nikatoa ile barua ya kwanza ya Abednego. Sikuwa nimeichoma. Mara tatu niliipeleka jikoni, mara tatu niliirudisha.

Nikaikunja kwa mikunjo yake ileile, nikairudisha mfukoni mwa koti.

Msiniulize kwa nini. Nadhani nilitaka koti lirudi na kila kitu chake, kama alivyosema. Nilitaka siku moja, labda baada ya miaka, Nkwabi au mtu mwingine aikute amsomee, na mimi nisiwepo. Mwoga naye ana namna yake ya kutubu.

Nyumbani kwa Nyanzala nilikuta watu wamejaa uani, wali unapakuliwa, watani wenzangu wameshaanza fujo zao. Nikalivaa koti. Nikaingia nikikohoa mikupuo mitatu. Watu wakashangilia.

"Cletus kafufuka!"

"Bwana Machicha, huko ahera kuna wanzuki?"

"Wapo wapishi," nikasema kwa sauti yake, "ila masega hawatupi."

Tukacheka. Nyanzala alikuwa mlangoni na kuku mweupe kwapani. Kwa mara ya kwanza siku ile nikahisi labda yataisha salama. Nitatoa koti, nitapokea kuku, kila mtu ataenda kwake.

Ndipo mtu akapiga hodi uani.

Mrefu, mpole, mwenye miwani. Mkoba mkononi, vumbi la treni mabegani.

"Hodi wenyewe! Jamani, nimeuliza stesheni kwa Bwana Cletus wa nta, wakaniambia fuata watu tu, leo wote wanaenda kwa Cletus." Akaniona. Uso ukamchanua. "Ah! Shemeji! Nimesema leo niwashtukize. Mume wako yuko wapi nimshike mkono?"



Kisha mtu akacheka. Halafu wote wakacheka. Walicheka mpaka sahani zikaanguka.

"Mume wa Marselina! Mtani kamrithi marehemu!"

"Ndiyo huyo hapo, kavaa koti! Mshike mkono!"

Walidhani ni utani. Walidhani nimemleta mgeni kwa makusudi, nimempanga, tumetunga mchezo wa kuwafurahisha. Nkwabi alikuwa ameshika mbavu.

Abednego akageuka huku na huku. "Sielewi. Marehemu gani?"

"Cletus, bwana! Leo anatimiza mwaka!"

"Haiwezekani." Akafungua mkoba, akatoa rundo la barua zangu. "Huyu mtu ameniandikia mwezi uliopita. Anasema mguu una nafuu."

Mimi nilidhani hapo ndipo mwisho wangu. Kumbe ndipo walipogaragara kabisa. Marehemu anaandika barua! Mguu una nafuu! Mama mmoja alitolewa nje akahemee pembeni. Utani ulikuwa umenifunika kama blanketi, na mimi, Mungu anisamehe, nikaingia ndani ya hilo blanketi. Nikamkonyeza Abednego. Nikachechemea hatua mbili kama mtu mwenye mguu mbovu. Kicheko kikaongezeka.

Abednego hakucheka. Alikuwa ananiangalia mimi na zile barua, mimi na zile barua.

Na kulikuwa na mtu wa pili ambaye hakucheka.

"Mtani," akasema Nyanzala. Hakupaza sauti, lakini watu walimsikia, vicheko vikapungua kidogo kidogo. "Kuku huyu hapa. Unga uko ndani, debe zima. Nipe koti la mume wangu."

Nikalivua. Mikono ilikuwa inashikwa shikwa na mikono ya koti, kama haitaki kuachwa. Nikampa, nikapokea kuku. Watu wakapiga makofi, koti limekombolewa.

Nyanzala hakulikunja. Alitia mkono mfukoni, wa kulia, moja kwa moja, kama mtu anayejua chumvi imewekwa wapi jikoni kwake. Akatoa karatasi.

Akaiangalia. Akaipindua. Nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo.

"Ipo," akasema. "Namshukuru Mungu, ipo."

"Ni nini hiyo, shemeji?" Nkwabi akauliza.

"Ni barua. Siku mbili kabla hajafa marehemu aliniambia, Nyanzala, barua ya bahati yetu iko kwenye koti. Mimi sijui kusoma. Sikutaka kumpa kila mtu bahati yangu aisome. Nikasema nitamvika koti mtani wangu. Ataikuta. Ataniita pembeni anisomee."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Nikangoja," akasema, na sasa alikuwa ananiambia mimi peke yangu. "Kitu alichochukua mtani, mjane hakidai kabla hajakikomboa, ndivyo mama yangu alivyonifundisha. Nikangoja kesho. Nikangoja kesho kutwa. Nikakuona na sufuria ya nta. Nikasema, hapana Nyanzala, usimfikirie vibaya rafiki yako. Labda barua ilidondoka. Labda hakuiona."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Mimi ndiye niliyekuwa nguoni.

Akaninyooshea ile karatasi. Mkono wake ulikuwa na makovu ya nta, kama wangu.

"Leo koti limerudi kwangu na barua imo. Kwa hiyo hukuiba, mtani. Basi nisomee."

Kuku alikuwa anapiga mabawa kwapani mwangu. Nikamkabidhi mtu, sijui nani. Nikapokea barua. Pembeni yangu Abednego alikuwa amesogea, amevua miwani, ameivaa tena. Alikuwa ameshautambua mwandiko wake.

Mbele ya Nyanzala peke yake ningeweza kusoma chochote. Ningeweza kusema ni barua ya posa, ni karatasi ya hospitali. Lakini aliyeiandika alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye sikio langu.

Nikaifungua. "Ndugu Cletus," nikaanza. Koo lilikuwa limekauka kama ulimi wangu siku ile ya bahasha.

Nikakohoa.

Sikukusudia. Naapa kwa jina la binti yangu, sikukusudia. Lakini mwaka mzima nilikuwa nimevaa kikohozi cha yule mtu, na kikatoka kama chake, mikupuo mitatu.

Na ua mzima, isipokuwa watu wawili, ukaangua kicheko.